Chai ya Mitokondria

Chuo Kikuu cha Upeo kilikodi ghorofa mbili za jengo moja katikati ya jiji, juu ya maduka ya simu na ya nywele bandia. Ghorofa ya juu ilikuwa na ukumbi ambao zamani ulikuwa klabu ya densi. Wenye chuo waliondoa baa, wakaleta viti vya plastiki vyenye vibao vya kuandikia, lakini vioo vya ukutani wakaviacha kwa sababu kuving'oa kungeng'oa na plasta. Kwa hivyo Daktari Lornah Khasandi, alipokuwa akifundisha mgawanyiko wa seli kila Jumanne asubuhi, aliwaona wanafunzi wake mara mbili: mbele yake wakichezea simu kwa mkono wa kulia, na ukutani wakichezea simu zizo hizo kwa mkono wa kushoto.

Somo lenyewe liliitwa Biolojia kwa Wote, na wote hawakulipenda. Lilikuwa la lazima kwa waliosomea uuzaji, uhasibu, uanahabari na usimamizi wa hoteli, yaani watu waliochagua fani hizo kwa sababu, pamoja na mambo mengine, hazikuwa na biolojia. Mtu fulani alikuwa amewaambia wakuu wa chuo kwamba mhitimu wa kisasa lazima awe mtu aliyekamilika. Wakuu walilipenda sana neno hilo, wakalichapisha kwenye mabango, kisha wakanunua hadubini moja. Hadubini ilikaa katika ofisi ya mkuu wa kitivo, Profesa Waithaka, kwenye kabati la kioo pamoja na vikombe vya kandanda, na kuitoa kulihitaji maombi kama ya kutoa mtu rumande.

Lornah alikuwa na shahada ya uzamivu kuhusu mimea midogo inayoota juu ya mawe katika msitu wa Kakamega. Alipoipata alidhani dunia inamngoja. Dunia haikuwa na habari. Alizunguka na vyeti vyake mpaka viatu vikalika visigino, ndipo Upeo wakamchukua kwa mkataba wa muhula mmoja mmoja, awafundishe watu ambao hawakutaka kufundishwa.

Alijitahidi. Kwa kuwa wanafunzi wake walijua biashara kuliko walivyojua seli, aliwatafutia mifano ya mjini. Figo, aliwaambia, ni askari wa mlango wa benki: kila mtu anapekuliwa, mwenye faida anarudishwa ndani, asiye na shughuli anaonyeshwa barabara. Ini ni ofisi ya forodha. Na mitokondria, zile chembe ndogo zinazoipa seli nguvu, ni jenereta za nyuma ya duka. Usiposikia mngurumo wake, ujue humo ndani hakuna biashara tena. Mifano hii aliitunga jioni kwenye meza ya jikoni huko Kangemi, akaionea fahari kama mtu aliyeandika kitabu.

"Madam," angeuliza Sammy, kijana wa uhasibu aliyekaa karibu na mlango ili awe wa kwanza kutoka, "hiyo ya askari wa benki itakuwa kwa mtihani?"

"Figo zitakuwa kwa mtihani."

"Na askari?"

Hivyo ndivyo mambo yalivyokwenda hadi siku Naeem alipoinua mkono.

Naeem alisomea uuzaji. Alikuwa kijana mwembamba, nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono ingeweza kukata nyama. Wazazi wake walitoka Mombasa wakahamia Parklands, na baba yake alikuwa na duka la viungo katikati ya jiji, si mbali na msikiti. Katika chuo kizima ni yeye peke yake aliyemwamkia Lornah kwa "Shikamoo, Dokta," tena katika jiji ambalo hata wajukuu huwasalimu nyanya zao kwa niaje. Lornah hakuwa amefikia umri wa kufurahia shikamoo. Aliifurahia hivyo hivyo.

"Dokta," Naeem aliuliza siku hiyo, "mtu anayechokachoka ovyo, jenereta zake zimezima, au ziko sawa ila mafuta ni machafu?"

Lornah alitazama kiooni kuhakikisha kwamba swali limetoka kinywani mwa mtu. Kisha akajibu, akajibu tena, akachora ubaoni mpaka kalamu ikakauka, na Naeem akaandika kila neno. Wiki iliyofuata aliuliza kuhusu ini. Iliyofuata hiyo alitaka kujua kama ni sahihi kusema kwamba seli "zinajisafisha", au Dokta angependelea neno lingine. Dokta alipendelea "zinajifanyia ukarabati". Naeem aliandika "ukarabati" akapiga mstari chini yake.

Tangu hapo Lornah alifundisha ukumbi mzima kwa ajili ya mtu mmoja. Alitayarisha masomo kwa hamu, akaanza hata kupaka rangi ya mdomo siku za Jumanne. Katika chumba cha walimu alitangaza kwamba hakuna kijana asiye na kiu ya elimu, kuna mwalimu asiyejua kuchota maji tu. Alilitangaza jambo hilo mara nyingi kiasi kwamba wenzake walianza kubeba vikombe vyao wakanywe chai kwenye ngazi.

Nyumba ya Kangemi ilikuwa ya Ivyne, dada yake mkubwa, mpokeaji wageni katika kampuni moja ya bima huko Upper Hill. Ivyne ndiye aliyemlipia Lornah masomo, na ndiye aliyemnunulia viatu vipya vile vya kutafutia kazi vilipolika. Hakuwahi kumkumbusha, jambo ambalo Lornah aliliona zito kuliko kukumbushwa. Ivyne alikuwa mwanamke mnene wa kupendeza, anayejua kuvaa, mwenye viatu vyekundu vilivyosikika kabla yeye hajaonekana. Lakini kampuni ilikuwa imeleta meneja mpya aliyesema kwenye mkutano kwamba sura ya ofisi huanzia mapokezi, na tangu siku hiyo Ivyne alikuwa akijitazama kiooni kwa jicho la meneja.

Jumamosi moja asubuhi Lornah alimkuta ameketi sakafuni mlangoni pa choo, ameegemea ukuta, midomo imekauka, misuli ya miguu imemkaza kama kamba.

"Dada, ni nini?"

"Ni uchafu unatoka," Ivyne alisema kwa sauti ndogo yenye imani. "Niliambiwa itakuwa hivi. Mwili unatoa sumu. Usinishike, itapita."

"Uliambiwa na nani?"

Ivyne alionyesha jikoni kwa kidevu.

Juu ya friji kulikuwa na pakiti ya kijani yenye picha ya seli, iliyochorwa vizuri kuliko ile ya kitabu cha chuo. Iliandikwa SeliSafi, Chai ya Mitokondria. Lornah aliigeuza akasoma mgongoni. Figo zako ni askari wa mlango wa benki. Je, askari wako amelala? Ini lako ni ofisi ya forodha. Je, mizigo imerundikana? Ndani ya kila seli yako kuna jenereta ndogo, na jenereta zikichafuka, biashara ya mwili inafungwa. SeliSafi huzifanyia ukarabati. Na chini kabisa, kwa herufi za dhahabu: Kwa utafiti wa chuo kikuu.

Alisoma akiwa amesimama, kisha akasoma akiwa ameketi. Jambo la kwanza lililompitia moyoni, ambalo baadaye alilionea haya, ni kwamba maneno yalikuwa yamepangwa vizuri. Hasira ilikuja ya pili.

Alichana kifuko kimoja cha chai akamwaga majani kwenye sahani. Kulikuwa na maua mekundu makavu, ya kutia rangi. Kulikuwa na tangawizi kidogo, ya harufu. Na kulikuwa na vipande vingi vya jani jembamba, kijani cha kufifia, ambalo kwenye kikonyo upande mmoja ni mfupi kidogo kuliko mwenzake. Mtu aliyemaliza ujana wake akitazama majani ya ukubwa wa ukucha hakuhitaji hadubini. Ilikuwa sanamaki, jani ambalo mabibi wa pwani humchemshia mtu aliyefunga choo, kikombe kimoja, basi.

"Unakunywa mara ngapi?"

"Asubuhi na jioni."

"Tangu lini?"

"Tangu mwezi jana. Na nimepungua, Lornah. Ile sketi ya buluu inafunga."

"Ni maji, dada. Unapungua maji na chumvi. Hii ni dawa ya kuendesha."

Ivyne alimtazama kwa huruma. "Wewe ni wa mambo ya mawe na majani," alisema. "Hii imefanyiwa utafiti chuo kikuu."

Lornah alimbeba nusu kumkokota hadi kliniki ya mtaani. Daktari wa zamu alimwekea maji ya mshipa, akasema chumvi za mwili zimeshuka sana na kwamba moyo wenyewe ungeanza kukosea hatua, akamkataza chai.

"Chai zote?" Ivyne aliuliza.

"Hiyo."

Jumanne, baada ya kipindi, Lornah alimwambia Naeem asiondoke. Wengine walitoka mbio, Sammy mbele. Naeem alikuja mezani na daftari lake kifuani.

"Shikamoo, Dokta."

Lornah hakuitikia. Aliweka pakiti ya kijani mezani. Naeem aliitazama kama mzazi aliyeonyeshwa picha ya mwanawe.

"Umeshaiona," alisema. "Nilitaka kukuletea mwenyewe, lakini nangoja tubadilishe karatasi. Hiki kijani hakijakaa vizuri."

"Naeem, hii ni sanamaki."

"Ndiyo, Dokta. Bibi yangu anayo kabatini tangu sijazaliwa. Baba ana gunia zima dukani." Alisema bila haya yoyote. "Hakuna anayeinunua. Unajua kwa nini? Kwa sababu kila mtu anajua inafanya nini. Nikimwendea mama tajiri wa Kileleshwa nimwambie chukua sanamaki, mama, upate choo, ataniona nimemvunjia heshima. Nikimwambia mitokondria, ananiuliza kama tunaleta mpaka mlangoni."

"Haifanyi chochote kwa mitokondria."

"Sikuandika inafanya chochote. Niliandika inafanya ukarabati." Aligonga daftari lake kwa kidole. "Ni neno lako, Dokta."

"Dada yangu amewekewa maji ya mshipa kwa ajili ya neno langu."

Hapo uso wa Naeem ulibadilika, na Lornah, aliyekuwa amejiandaa kumchukia kabisa, aliona kwamba kijana ameshtuka kweli. Aliketi kwenye kiti cha mstari wa mbele, kiti chake cha kila wiki.

"Wallahi sikujua. Pole sana, Dokta. Alikunywa ngapi?"

"Kama ulivyoandika. Asubuhi na jioni."

"Nitamrudishia pesa zake zote. Na nitampelekea pakiti ya bure ya..." Alijikatiza mwenyewe. "Hapana. Hiyo hapana."

"Uiondoe sokoni."

"Kuna watu wameshaagiza. Lakini hebu nisikilize, Dokta, usikasirike. Kosa hapa ni kipimo. Mimi si mtu wa sayansi, nilikuwa nafuata darasa tu, na darasani hatujafika kwenye vipimo. Tukiwa na mtaalamu, mtu kama wewe, jina lako likae pale mgongoni badala ya kusema chuo kikuu hivi hivi..."

Lornah alichukua mkoba wake akaondoka kabla hajatajiwa fungu lake.

Alikwenda moja kwa moja kwa Profesa Waithaka. Profesa alikuwa bingwa wa uuzaji, mtu aliyetabasamu hata akisoma matangazo ya vifo. Juu ya meza yake, kando ya kompyuta, palikuwa na kikombe cha kinywaji chekundu na pakiti ya kijani.

"Profesa, hiyo ni dawa ya kuendesha."

"Nimegundua hilo," Profesa alisema kwa utulivu. "Keti, Dokta. Nikuulize kitu. Umewahi kusikia mwanafunzi wa uuzaji akitamka neno mitokondria bila kulazimishwa?"

"Amedanganya watu. Watu wanaumia."

"Ametumia maarifa." Profesa alivuta droo akatoa mtaala, akaupekua kwa kidole alichokilamba. "Hapa. Lengo la somo: mwanafunzi aweze kutumia maarifa ya biolojia katika maisha yake ya kila siku. Umeandika wewe?"

"Nimeandika mimi."

"Sasa, wale wengine wote wametumia wapi?"

Kweli hawakuwa wametumia popote.

"Tumempendekeza kwa tuzo ya mjasiriamali chipukizi," Profesa aliendelea. "Picha yake tutaiweka kwenye bango la pale chini, mlangoni. Nilikuwa nataka wewe usimame kando yake. Mwalimu na mwanafunzi. Wazazi wanapenda sana hiyo."

Lornah alitazama vikombe vya kandanda kabatini, na hadubini kati yao. Kisha akaomba apewe hadubini Jumanne ijayo.

"Ya nini?"

"Nataka kuwaonyesha majani ya chai."

"Vizuri sana," Profesa alisema, naye tayari alikuwa analiona bango. "Nitakutumia mpiga picha."

Jumanne ilipofika, mpiga picha alikuwepo. Lornah aliweka hadubini mezani, akabandika pakiti ya kijani ubaoni kwa gundi, akawaita wanafunzi mmoja mmoja waje wachungulie jani. Kisha akawasimulia safari ya kikombe kimoja cha SeliSafi. Aliianzia mdomoni. Alipita kooni, akapita tumboni, na kila alipofika kwenye kiungo kilichotajwa kwenye pakiti alisimama akakibishia hodi. Askari wa benki hakuombwa kitu. Ofisi ya forodha haikufungua faili. Mitokondria, aliwaambia, hazikupata hata habari kwamba kuna mgeni.

Mtu alicheka. Halafu safu nzima ikacheka. Lornah hakuwahi kusikia sauti hiyo katika ukumbi ule, na ilimpanda kichwani kama kinywaji kikali kwa mtu asiyezoea.

"Inafika kwenye utumbo mpana," alisema, "na hapo, waungwana, ndipo inapopiga king'ora."

Simu zote zilikuwa juu. Kwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, zilikuwa zimeelekezwa kwake.

"Kuna mama mmoja," alisema. Ni hapo ambapo angeweza kunyamaza, na hakunyamaza. "Simtaji jina. Anapokea wageni katika kampuni ya bima, kule Upper Hill, jengo la vioo vya buluu. Mrembo, viatu vyekundu. Mteja anaingia. Mama anasimama, anatabasamu: karibu sana, nikusaidie vipi..." Lornah aliweka mkono tumboni, akatoa macho. "Samahani kidogo."

Akakimbia. Alivuka jukwaa kwa vidole vya miguu, magoti yamebanana, mkono mmoja tumboni na mwingine ukitafuta kitasa hewani, na vioo vya klabu ya zamani vikamzidisha, wapokeaji wageni wengi wakikimbia kutoka kila upande. Ukumbi ulilia kwa kicheko. Alirudia mara ya pili kwa sababu waliomba.

Walipotulia, wakifuta machozi, Sammy aliinua mkono kutoka mlangoni. Hakuwa ametoka; kipindi kilikuwa kimepita muda wake na Sammy alikuwa bado ndani.

"Madam, swali. Sasa mtu akiwa amefunga choo kabisa, hii kitu inafanya kazi?"

"Inafanya," Lornah alisema, bado anahema. "Inafanya sana."

"Na inapatikana wapi?"

Vichwa vyote viligeuka kumtazama Naeem. Naeem, aliyekuwa amekaa mstari wa mbele bila kucheka wala kununa, alifungua daftari lake.

Kufikia jioni video ilikuwa imezunguka jiji. Kufikia kesho yake Naeem alikuwa ameikata, akabakiza sehemu moja fupi: Daktari Lornah Khasandi mbele ya ubao, kando ya pakiti ya kijani, akisema, "Inafanya. Inafanya sana." Agizo juu ya agizo liliingia. Ilitokea kwamba jiji la Nairobi, pamoja na shughuli zake zote, lilikuwa limejaa watu waliofunga choo na kuona aibu kumwambia mtu, na sasa kulikuwa na chai ambayo daktari wa chuo kikuu ameisemea hadharani. Lornah alimpigia Naeem simu akamwambia atakwenda kwa wanaosimamia dawa asipoitoa ile video na kuandika jina la mmea, kipimo na onyo. Naeem alimwambia ndiyo, Dokta, kwa adabu ile ile. Video aliitoa, baada ya kuwa kila mtu ameshaiona. Onyo aliliandika, kwa herufi ambazo hata hadubini ya chuo ingezitafuta. Lornah alikwenda kwa wanaohusika akapeleka pakiti. Walimshukuru, wakaiweka juu ya kabati lenye pakiti zingine, na mmoja wao akamuuliza kwa sauti ya chini kama kweli haina madhara ikinywewa mara moja moja.

Mtihani ulipokuja, Lornah alisahihisha karatasi ya Naeem akiwa na kalamu nyekundu na nia mbaya. Aliisoma mara tatu. Kijana alieleza kazi ya figo bila kosa. Alieleza tofauti ya kupungua mafuta na kupungua maji kwa ufasaha uliomuuma. Lornah alitafuta mahali pa kumkata, hata kituo kilichosahaulika, akakosa, akampa alama za juu kuliko wote. Profesa Waithaka alitumia video nzima kutangaza somo, muhula uliofuata ukumbi ulijaa hadi watu wakasimama, na mkataba wa Lornah ukaongezwa kwa muhula mwingine mmoja.

Hayo yote angeyavumilia. Ambalo hakuweza kulivumilia ni nyumba ya Kangemi.

Maana video ilikuwa imefika Upper Hill kabla haijafika kwa Ivyne. Asubuhi ya Jumatano, siku moja tu baada ya kipindi kile, aliingia ofisini, viatu vyekundu vikilia sakafuni, akamwona msichana wa hesabu anabana mdomo. Akamwona mlinzi anageuza uso. Saa ya chai mtu mmoja alipita mapokezi akiwa ameshika tumbo, akasema, "Samahani kidogo," na wenzake kwenye lifti wakaanguka kwa kicheko. Ndipo rafiki mmoja akamwonyesha simu.

Ivyne hakugombana. Alirudi nyumbani, akapika, akafunika chakula cha mdogo wake kwa sahani, akaingia chumbani akafunga mlango. Alifanya hivyo kesho yake, na siku iliyofuata. Asubuhi alitoka na viatu vyeusi bapa ambavyo Lornah hakujua kama anavyo. Lornah alizungumza na mlango mara kadhaa.

Mwishowe alikwenda Upper Hill mwenyewe, saa ya chakula cha mchana. Aliingia jengo la vioo vya buluu, akasimama mbele ya meza ndefu ya mapokezi. Ivyne aliinua macho.

"Unamtafuta nani?"

"Dada."

"Andika jina lako hapo. Kitambulisho. Kisha ungoje pale."

Lornah aliandika jina lake, akaacha kitambulisho, akaketi kwenye kochi la ngozi kama mteja aliyekuja kudai bima ya gari lililogongwa. Watu walipita wakimtazama, wakamtazama tena. Mmoja, kijana mwenye tai ya njano, alisimama kabisa.

"Wewe si yule mwalimu wa choo?"

Kabla Lornah hajajibu, sauti ilitoka kule mezani, ya upole kama ile ya kukaribisha wateja.

"Ni Daktari Khasandi. Ni mdogo wangu. Wewe ripoti yako meneja ameiulizia tangu asubuhi, na mimi nimemwambia hujafika. Nimwambie umefika?"

Kijana aliingia kwenye lifti. Ivyne aliendelea kupokea simu mpaka muda wake ulipofika, akavaa koti, akapita mbele ya kochi bila kusimama. Lornah alimfuata.

Walikula kwenye kibanda nyuma ya majengo, mahali ambapo makarani na walinzi hukaa kwenye mabenchi wakigusana mabega. Ivyne aliagiza ugali na mboga. Alikula nusu sahani kwanza.

"Ile video nimeitazama."

"Najua."

"Mimi sikimbii vile."

"Najua, dada."

"Hujui. Siku ile mbaya kuliko zote, mteja alikuwa mbele yangu, na meneja amesimama pale. Nilitembea. Nilitembea kama ninaenda kuchukua faili. Nilitembea mpaka kona, ndipo nikakimbia." Alikata tonge, akaliacha mkononi. "Nikuulize, na usinipe maneno ya darasani. Ulikuwa unasaidia watu, ama ulikuwa unafurahia vile wanacheka?"

Lornah alikuwa ametayarisha jibu refu njiani, lenye afya ya umma ndani yake. Alilitafuta akaliona halifai kutajwa kwenye benchi lile.

"Nilikuwa nafurahia."

Ivyne aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia.

"Yule kijana wako ameniuzia uongo," alisema. "Lakini angalau yeye aliniuza kwa mtu mmoja, mimi mwenyewe. Wewe umenigawa bure kwa jiji zima."

Lornah aliomba msamaha. Alitumia maneno machache, yasiyokuwa na mfano wowote. Mtu aliyekaa kando yao aliacha kutafuna ili asikie vizuri. Ivyne alisema amesikia. Hakusema amesamehe. Alimalizia ugali wake, akanawa mikono, akarudi kazini, na Lornah akamngoja chini hadi ofisi zilipofungwa.

Walirudi Kangemi pamoja jioni hiyo. Kutoka kituoni hadi nyumbani Ivyne alitembea mbele, naye Lornah akafuata nyuma na mikoba yote miwili.